Salamu Moja Inatosha

Bosi wetu mpya alipofika, kazi ya kwanza aliyoifanya ni kupigilia msumari ukutani. Alikuja na ubao wa kioo wenye maneno matatu ya rangi ya dhahabu: Ukweli, Heshima, Kusikilizana. Aliusogeza kushoto, akaurudisha kulia, akarudi nyuma na kuutazama kwa jicho moja, mwishowe akautundika juu ya pipa la maji ya kunawa, mahali ambapo kila aliyeinama kunawa mikono alikuwa kama anausujudia. Akaniuliza kama umenyooka. Nikasema umenyooka. Haukuwa umenyooka, lakini ilikuwa siku yake ya kwanza.

Tulipaita kiwandani, ingawa kwa kweli palikuwa tanuri kubwa la mikate na vyumba vitatu vya bati, hapa Mwanza, karibu na maji kiasi kwamba upepo wa asubuhi ulituletea harufu ya dagaa na sisi tukaujibu kwa harufu ya mkate. Tulioka mikate ya slesi na skonzi. Mingi iliishia madukani mjini, mingine ilivuka kwenda Sengerema, na kreti za mchana zilipanda boti ya Nansio, kule kisiwani. Mimi nilipokea simu na kuandika oda. Meza yangu ilibanwa kati ya mlango wa ofisi ya bosi na meza ya kufungasha, kwa hiyo niliona kila kitu na kusikia kila kitu, na sijawahi kulalamika kuhusu hilo.

Bosi alikuwa kijana, mtoto wa Sengerema kabisa, ila alisoma Dar, akafanya kazi huko, akarudi na viatu visivyopenda unga. Alirudi pia na imani kwamba muda wetu unavuja mahali. Siku chache tu akapagundua. Unavuja kwenye salamu.

Ni kweli tulikuwa tunasalimiana. Kwetu mtu haingii kazini kama paka. Utaulizwa habari za asubuhi, utasema nzuri. Utaulizwa za nyumbani, nzuri. Watoto, wazima. Hata kama paa limeezuliwa na upepo usiku kucha, jibu la kwanza ni nzuri, na huo si uongo, ni adabu. Humtwishi mwenzako mzigo wako kabla hajaweka chini wa kwake. Shida yenyewe inakuja taratibu, salamu ya tatu au ya nne, ikiwa nyuma ya neno dogo. "Nzuri, ila mtoto kalala na homa." "Nzuri tu, ila unga wa jana umeingia unyevu." Mambo yote ya maana kiwandani mwetu yalikaa nyuma ya hiyo ila.

"Salamu moja inatosha," bosi akatangaza.

Tangu hapo tukawa tunapangwa mstari kila asubuhi, tumesimama. Anauliza, "Habari za asubuhi, timu?" Tunaitikia, "Nzuri!" "Kuna tatizo?" "Hakuna!" "Haya, kazi." Kisha anarudi ofisini anang'aa uso, maana hajapata kuongoza watu wasio na matatizo kiasi kile. Shikamoo nayo akaiondoa, akisema kazini wote tuko sawa. Nia yake ilikuwa njema, nampa haki yake. Lakini mama wa kufungasha, mwanamke wa rika la mama yake mzazi, akajikuta anaambiwa "Mambo?" mbele za watu. Alijibu "Poa," ili kijana asiaibike, kisha akanigeukia na macho makubwa. "Mimi leo nimekuwa poa," akaninong'oneza.

Kwenye grupu la kazini la simu, bosi alituma kila alfajiri picha ya tai anapaa juu ya mlima, na maneno kuhusu uongozi. Tai hatumfahamu sana. Angetuma korongo wa jalalani tungeelewana. Pia alipenda kusema mlango wake uko wazi muda wote, na hapo hakukosea, kwa sababu kitasa kilikuwa kimekufa tangu bosi aliyetangulia.

Sasa huyo mama wa kufungasha kwao ni Nansio. Asubuhi moja, tukiwa wawili tu, nikamsalimia salamu zetu za zamani, na kwenye ya tatu akasema, "Nzuri, ila baba hali chakula." Mdogo wake wa kiume alikuwa anapiga simu kila jioni. Mzee alikuwa anamtaja yeye, mwanawe wa kwanza, anauliza kama boti imefika. Mama alitaka ruhusa ya siku chache tu akamwone angali hai.

Nikamwambia, ingia kwa bosi, mlango uko wazi. Akajifuta mikono, akaingia. Nikasikia, "Mama, mambo? Nzuri? Safi sana!" na nilipochungulia nikaona kidole gumba kimeinuliwa juu na kifaa cha simu kimechomekwa sikioni. Mama akatoka. Na yeye alikuwa ameinua kidole gumba, maskini, hajui akipeleke wapi. Kesho yake, kwenye mstari, bosi alipouliza kama kuna tatizo, nikamwona mama akifungua mdomo. "Hakuna!" yetu ikamfunika.

Basi nikasema nitakwenda mimi. Akanikamata mkono. "Habari ya baba yangu haipelekwi na mtu kama oda ya skonzi," akasema. "Mimi nina mdomo. Akiniuliza nitamwambia."

Nilikasirika. Nilimkasirikia bosi kwa kutouliza, nikamkasirikia mama kwa kungoja kuulizwa, na zaidi nilikasirishwa na ile boti. Kila mchana kreti zilibebwa kwenda kupakiwa, na mikate aliyoifunga kwa mikono yake ililala Nansio, yeye akalala Mwanza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanyeje yule anayetaka kuyasema maradhi akaambiwa safi sana.

Halafu mama yake bosi akapiga simu kutoka Sengerema. Mtandao ofisini kwa bosi ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo simu za maana alizijia mezani kwangu, karibu na dirisha. Akainamisha kichwa kidogo, kana kwamba mama mtu anamwona, akaanza kumwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Nikaacha kuandika. Alimuuliza alivyoamka, akamuuliza mgongo, akauliza ng'ombe, akauliza mihogo, akauliza jirani aliyeanguka na baiskeli. Akajibu na yeye: nzuri, nzuri, wazima wote, nzuri. Kisha akageukia ukutani, akashusha sauti, akahamia Kiswahili kama mtu anayeficha kitu kwenye mfuko mwingine.

"Nzuri, mama, ila hii kazi inaninyima usingizi. Watu hawaniambii kitu. Nafikiri hawanipendi."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini nimeumbwa na mdomo wangu. Alipokata simu nikamwambia, "Bosi, samahani kwa masikio yangu. Hiyo ila yako imekuja salamu ya ngapi?"

Akanitazama kama mkate ulioanguka chini. "Sikuhesabu."

"Sisi tunapewa moja."

Akaigeuzageuza simu mkononi. Nikaanza kujiona nimeshafukuzwa kazi, niko njia panda ya Usagara, nawachomea mahindi abiria wa mabasi. Kisha akauliza, polepole, "Nani ana ila?"

"Sisemi," nikasema. "Ina mwenyewe. Anza na mkubwa kwa umri."

Akatembea mpaka meza ya kufungasha. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

Meza nzima ikasimama. Mama akajifuta mikono, upande huu na upande huu. "Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri, tunashukuru."

Hapo mazoea yakamshinda, akaangalia saa. Akaniona namtazama. Akautia mkono ule mfukoni, saa na yote.

"Na huko kwenu, wazee hawajambo?"

Mama alichukua mfuko mtupu akaukunja mdomo, kana kwamba una mkate ndani. "Hawajambo, ila baba…"

Nilitegemea bosi atatoa hotuba, maana ubao wake ulikuwa palepale. Hakutoa. Alivuta kreti, akaigeuza, akakaa, suruali yake nyeusi ikapata unga wake wa kwanza. "Baba kafanyaje?" akauliza, na akanyamaza mpaka mama alipomaliza kueleza. Kisha akasema, "Leo utapanda boti na mikate yako. Nenda kachukue nguo. Meza hii nitakaa mimi."

Na kweli alikaa. Mchana ule alifunga mikate kwa nguvu zote za elimu yake, na kesho yake mwenye duka mmoja wa mjini akanipigia simu kuuliza kama siku hizi tunauza chapati.

Siku zilizofuata mstari wa asubuhi ulichelewa kuvunjika. Bosi alizunguka mtu kwa mtu, shikamoo kwa wakubwa, habari kwa wengine, na ghafla tukawa kiwanda chenye matatizo mengi ajabu. Bati linavuja. Mzani unadanganya. Kijana wa tanuri anaumwa jino. Bosi akaja kwangu amechanganyikiwa. "Haya yote yalikuwepo?" Nikamwambia yalikuwepo, yalikuwa yanangoja kusalimiwa.

Mama alirudi amejifunga kitambaa cheusi. Tulikusanyika mlangoni, na hakuna aliyemkimbilia kumuuliza, maana jambo kama lile lina njia yake. Bosi ndiye aliyetangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Za safari?"

"Nzuri."

"Za Nansio?"

"Nzuri, ila baba tumemzika."

Tukampa pole, mmoja mmoja. Nililia, na sikutafuta pa kujificha. Mama akangoja tumalize.

"Nilimkuta," akasema. "Alinijua. Akanisalimia vizuri, akauliza watoto, akaniuliza na habari za kazini."

Bosi akauliza, "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nzuri."

Bosi akaingoja ila, maana sasa tulikuwa tumemfundisha. Sote tuliingoja. Mama akafikia aproni yake msumarini, akajifunga, akavuta kreti ya kwanza.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," akasema. "Nzuri. Leteni mikate."