Oili ya Difu na Mdogo Wangu Somoe

Wenzangu mliokulia Mtwara wakati gari moja lilitosha kuwa gari la mtaa mzima, mtanielewa. Pale kwetu Magomeni gari hilo lilikuwa la baba: Landrova ya kijani, bodi ndefu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba ya katani. Baba alisafirisha abiria na mizigo kwenda vijiji vya kando ya Ruvuma, huko Kitaya na Mahurunga, na msimu wa korosho tulikuwa tunamwona kwa nadra. Lilipokata kona kuingia mtaani, tuliacha rede, tuliacha gololi, tukalikimbilia kwa nyuma tukivuta ile harufu ya vumbi, magunia na dizeli. Mimi nilikimbia kwa maringo kidogo, maana mwenye gari alikuwa baba yangu.

Mama alilichukulia lile gari kama mke mwenzake. Baba akirudi safari, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kuoga, alikuwa anaingia kwanza uvunguni. Mama alisimama mlangoni na upawa mkononi, akauliza, "Nke mwenzangu leo anaumwa wapi?" Baba alijibu akiwa huko huko chini, "Kanywa maji." Na kweli lilikuwa limekunywa. Masika ikikolea, njia za huko zilikuwa mito, na gari likishazama mpaka kwenye ekseli, maji hayakosi pa kupenya.

Ndiyo maana Jumamosi nyingi za masika nyumbani kwetu zilikuwa za kubadili oili: difu ya nyuma na difu ya mbele, yale mabonge ya chuma yanayozungusha ekseli, halafu transfa, lile boksi la katikati linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwanza gari lilipelekwa hadi Shangani na kurudishwa, ili oili ipate moto na iwe nyepesi. Kisha baba alitandika gunia chini, akaingia na spana zake. Alianza kulegeza nati ya juu, ya kujazia, ndipo aguse ya chini, ya kumwagia. Alikuwa anasema, "Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikakugomea, utabaki na difu kavu na gari la kukalia." Oili ilishuka kwenye karai. Ikiwa nyeusi, baba alitulia. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, aliguna, kwa sababu hapo maji yalikuwa yameingia.

Mimi ndiye mkubwa, tena wa kiume, kwa hiyo siku ya kwanza ya kuingia uvunguni nilijua ni haki yangu. Nilivaa shati kuukuu, nikawaaga wenzangu kana kwamba nakwenda Unguja. Nikalala kwenye gunia bega kwa bega na baba. Nati ya chini ikatoka, na harufu ikanifika. Wanaoijua oili ya difu iliyokaa muda mrefu hawahitaji maelezo, na wasioijua wafikirie mayai viza yaliyochemshwa. Nilitapika palepale, nusu kwenye gunia, nusu kwenye mkono wa baba. Hakunigombeza. Alijifuta, akasema, "Hasani, nenda kamsaidie mama yako." Kisha akamwita mdogo wangu Somoe, aliyekuwa amechuchumaa kando ya tairi akichungulia. Somoe akaingia, na ikawa ndiyo basi.

Toka siku hiyo Jumamosi za masika mimi nilikalia mbuzi nikikuna nazi, na dada yangu mdogo alilala chini ya gari na baba yangu. Nilikuwa nawasikia wakizungumza. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, mezani alisema "lete chumvi" akanyamaza, lakini kule chini alikuwa na hadithi. Wakati mwingine walicheka wote wawili, na mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini. Wenzangu wa mtaani wakipita waliniuliza kama tui limeshaiva.

Niliona wivu. Sisemi nilisikitika, la. Ulikuwa wivu wenyewe, ule wa kukufanya umwombee mwenzio homa. Nami niliomba, na Somoe akapata homa kweli. Ijumaa usiku nililala kwa raha nikijua kesho lazima baba atanihitaji. Asubuhi baba alimgusa Somoe paji la uso, akatoka uani, akasema gari litangoja mpaka mtoto apone. Abiria wa Kitaya walikaa siku mbili na mizigo yao.

Chakula cha siku hizo kilikuwa ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na samaki wa kuchoma. Baba alimega mnofu mzuri, akamsogezea Somoe. "Fundi wangu ale," alisema. Kisamvu kile kilikuwa na jasho langu, nazi tatu nilizozikuna mpaka vidole vikachubuka, na hakuna aliyekisifia. Mama peke yake alinitazama, akaniongezea mchuzi.

Nikajaribu njia nyingine. Watoto wa enzi zetu hatukununuliwa magari ya kuchezea, tulijitengenezea kwa waya na ndala zilizokatika. Mimi nilitengeneza langu likiwa na difu, kopo dogo la dawa katikati ya ekseli, na ndani nikatia mafuta ya nazi ya mama ya nywele. Niliadhibiwa kwa ajili ya mafuta hayo, lakini sikujali. Nilimngoja baba barazani mpaka aliporudi. Alilipokea gari langu, akalizungusha gurudumu, akafungua kizibo cha kopo, akanusa. Kisha akageukia ndani, akaita, "Somoe, njoo uone kitu."

Siku hizi vijana wetu wanaendesha magari ambayo hawajawahi kuinama kuyatazama chini. Difu ikianza kulia wanaongeza sauti ya muziki. Mwanangu wa kiume, ukimwuliza transfa iko wapi, anachukua simu. Nawacheka, ila mwenyewe sina la kujisifia, kwa sababu mimi ni karani wa bandarini, nakaa Shangani, na kutoka kwangu hadi kazini ni lami tupu. Hata hivyo mwaka juzi nilinunua gari dogo la kuvuta magurudumu yote manne. Wenzangu ofisini wakaniuliza nakwenda nalo porini gani. Sikuwaambia kwamba nilinunua difu mbili na transfa, ili baba awe na kazi ya kufanya na mimi.

Baba sasa ni mzee sana na macho yana ukungu. Somoe anafanya kazi Songea, ana gari kubwa la kazi za shamba. Akipiga simu, wanaongea difu na baba mpaka simu inapata moto. Mimi ninayempeleka hospitali na kumnunulia dawa, huniuliza kama nimekula.

Jumamosi moja nilimleta kwangu, nikamkalisha kwenye kiti uani, nyuma ya gari. Aliuliza, "Somoe anafika saa ngapi?" Nikamwambia Somoe haji, leo naingia mimi. Nilitafuna karafuu, nikabana pumzi, nikaingia. Nati ya juu kwanza, kisha ya chini. Harufu ilikuwa ile ile, na safari hii tumbo lilitulia.

Baada ya muda kidogo baba alianza kuzungumza, taratibu, kwa sauti ile niliyokuwa naisikia utotoni kutoka jikoni. Alieleza jinsi difu mbovu inavyolia ukiachia mafuta kwenye mteremko, na jinsi yeye na abiria walivyolala kwenye matope ya Mahurunga wakila korosho mbichi. Mkono ulikuwa kwenye spana lakini sikuuzungusha, nisije nikamkatisha. Kisha akasema, "Nilikuwa narudi nimechoka, mama. Nikikuona unaingia chini, uchovu wote unaisha. Somoe, nilikuwa nakungoja wiki nzima."

Sikumsahihisha. Nilingoja aulize habari za Hasani. Hakuuliza. Nikafunga nati ya chini, nikaanza kujaza oili mpya kwenye tundu la juu, mpaka itakapomwagika.

"Imeshaanza kumwagika kwa juu, Somoe?" aliuliza.

"Bado kidogo, baba," nikasema, na nikaendelea kujaza polepole, ingawa oili ilikuwa imeshajaa na inanichuruzikia mkononi.

Mnaosema zamani ilikuwa tamu kuliko sasa, mimi nashindwa kuchagua. Zamani baba aliniita kwa jina langu, akaniambia niondoke. Siku hizi naruhusiwa kukaa naye mpaka kazi iishe, kwa jina la mdogo wangu, na kila Jumamosi anayotaka kuja, akiita Somoe, huwa naitika.