Kosa Alilolisahihisha Lau

Kwa miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyotoka na kosa mezani kwa Lau Pui-sang, karani wa kunakili katika ofisi moja ya serikali ya Hong Kong. Wenzake walimtania kwamba hata barua ya mapenzi angeisahihisha kwanza ndipo aijibu. Sifa haijazi chungu, lakini Lau hakuwa na kingine cha kujivunia.

Mwaka huo dola ya Hong Kong ilipanda thamani dhidi ya pauni, biashara ikazorota, hazina ikakauka. Ikatangazwa kwamba kila mtumishi, Mwingereza kwa Mchina, atakatwa sehemu moja ya kumi ya mshahara. Lau alisogeza shanga zake za hesabu. Wakiacha nyama, bintiye Yuet-ngo angemaliza mwaka wake wa mwisho awe mwalimu. Makato yakizidi hapo, shule basi.

Waingereza wakaandika malalamiko. Mishahara yao ilipangwa kwa pauni, na pauni sasa zilileta dola chache. Walikwisha kukatwa, wakatwe tena kwa haki gani? Lau akapewa ayanakili. Kwenye jedwali akakuta wametumia bei ya pauni ya mwaka uliopita, hasara yao ikaonekana ndogo, ya kuchekesha.

"Kaka Sang, linakili hivyo hivyo," alinong'ona Ho Chiu wa meza ya pili. "Kosa lao, aibu yao."

"Linapita mkononi mwangu."

"Haya! Mkono huo huo ndio utakaokupalia makaa."

Lau alirekebisha safu nzima. Alisikia raha kidogo, kama mtu aliyeutoa mwiba wa samaki kwenye uji.

Baada ya wiki mbili jibu lilishuka kutoka kwa wakubwa, naye ndiye aliyepewa kulinakili. Lilisema malalamiko yalikuwa ya haki, na jedwali lilisifiwa kwa uwazi wake. Waingereza wasikatwe. Pengo lizibwe na Wachina, wanaolipwa kwa dola, kwa kuwa wao bei ya pauni haikuwagusa: wakatwe kumi na tano kwa kila mia. Lau alilipitia mstari kwa mstari. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuona kosa, na halikuwapo. Ho Chiu hakuwa na utani siku hiyo. Alimsogezea chai tu.

Nyumbani Yuet-ngo alipakua wali.

"Baba, jibu limetoka?"

"Limetoka." Akamweleza yote.

"Na hesabu yao ilikuwa sawa kweli?"

"Sawa kabisa."

"Umejuaje?"

"Niliisahihisha mimi."

Lau alingoja binti yake alie, au amtukane; hata hilo angelishukuru. Ndani mwake hakusikia kitu, si hasira, si haya. Yuet-ngo alichagua kipande kinono cha samaki wa chumvi, akakiweka kwenye bakuli la baba yake, kama mtoto anavyomhudumia mkubwa wake kila siku. Kisha aliinuka, akaitungua sare ya shule ukutani, akaanza kuikunja.

Lau alimla samaki. Hakuisikia hata chumvi.