Dishwasher iliyotoka Botswana, na fundi aliyekuja kuifunga kwetu Kilimani

Wakuu, niaje. Nina stori ya nyumbani kwetu leo, na sitaitia chumvi, maana mama ameketi hapa kando yangu na anasoma kila ninachoandika.

Miaka ya tisini tulikuwa tunaishi flat huko Kilimani. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, akapata contract ya kufundisha Botswana.

Contract ilikuwa inaisha Desemba. Nyumbani tulibaki mama na mimi tu, na hiyo Desemba ndiyo ilikuwa wimbo wetu.

Kuna kitu lazima niwaeleze kwanza. Kabla baba hajaondoka, kila jioni baada ya supper mama alikuwa anaosha vyombo, baba anapangusa kwa kitambaa. Mwanamume wa Kakamega, miaka hiyo! Wajomba walimcheka mpaka wakachoka.

Lakini hapo kwa sink ndipo walipopigia stori zao zote. Mimi nilikuwa kwa meza, najifanya nafanya homework.

Basi, Oktoba mzigo wa baba ukaja kutoka airport. Ndani ya kreti, dishwasher nyeupe, mpya kabisa.

Niliruka kwa furaha. Mama aliketi akaiangalia tu.

"Mtu anayerudi Desemba si angekuja nayo mwenyewe?" akasema.

Nikamwambia asiwaze sana. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Mama hakutaka mtu wa kubahatisha, kwa hivyo jirani akatuelekeza kwa Bwana Singh, fundi mwenye duka lake Westlands. Alikuja Jumamosi na toolbox, mzee mcheshi sana.

Kwanza alicheka plug. Ilikuwa na pini nene za mviringo, hazingeingia kwa socket za Kenya hata ungezipiga nyundo. Akaikata, akafunga ya kwetu. Halafu akatoboa kabati la chini ya sink, akaunganisha paipu ya kuingiza maji na ile ya kutoa maji machafu.

"Mama, mashine iko mzuri sana. Lakini siku ya rationing ya maji, wewe hapana washa."

"Nimesikia."

"Bwana yako anapenda wewe sana. Mimi nafungia watu, bibi yangu iko na sink tu!"

Mama alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu kreti ifike.

Akapanga vyombo vya asubuhi na vya lunch, Bwana Singh akawasha. Ikanguruma weee, sisi tumesimama tunaitazama. Ilipomaliza, mlango ukafunguliwa, mvuke ukatoka. Mama akachukua sahani moja, akaipapasa pande zote mbili.

"Imetoka kavu," akasema.

"Ndiyo, mama! Sasa kitambaa hapana kazi tena."

Mama akageukia dirisha, akaanza kulia. Maskini Bwana Singh akapiga magoti kukagua paipu, akidhani kuna mahali panavuja. Mimi nilijua ni nini, lakini ningemwambiaje?

Kesho yake baba akapiga simu. Nilisimama karibu na mama, sauti ya baba ikinifikia vizuri.

"Mashine imekufaa? Sikutaka uwe unaosha peke yako."

"Kuosha hakujanishinda, Baba Wafula. Hii mashine imechukua kazi yako wewe. Unarudi Desemba ama hurudi?"

Baba akasema ameshaweka sahihi contract nyingine, miaka miwili tena.

Mama aliendelea kutumia ile mashine. Lakini alikuwa anaizima kabla haijakausha, anatoa vyombo vikichuruzika maji, anavipanga kushoto mwa sink, pale baba alipokuwa akisimama.

Baba alirudi contract hiyo ya pili ilipoisha. Wakati huo mimi nilikuwa nimeenda boarding, na zile stori za jioni sikuzisikia tena. Nazitamani mpaka leo, wakuu, hata zile za kulalamikia landlord.

Nilichojifunza ni hiki: ukiwa mbali, kabla hujatuma kitu nyumbani, uliza kwanza wanakosa nini.

Sasa nyinyi mliokua mkitumiwa mizigo kutoka nje, tuambiane bila aibu: mlikuwa mnataka nini hasa?

Mimi naanza. Nilimtaka baba.