Unga Uliogoma Witeithie

Mwenzangu aliubuni unga huo kwenye kompyuta, mimi nikaupika. Yeye alikaa Ruiru, mimi Kiganjo, na maabara yetu ilikuwa katikati. Alipanga magnesiamu na molekuli za kaboni zishikane kama fremu ya nyumba isiyo na kuta, ndani mkibaki vitundu vidogo mno vya kunasa hewa ya ukaa. Bayogesi ikipita humo, hewa ya ukaa inabaki, na methani, ile inayowaka, inapita.

Maabarani unga ulinasa vizuri kuliko tulivyotarajia. Lakini tulipoupeleka Witeithie, kwa mama anayefuga nguruwe na kupikia gesi ya kinyesi chao, haukupita muda moto ukawa dhaifu kama kawaida.

"Si mlisema utakuwa na nguvu?" mama akauliza, akiikagua neli tuliyojaza unga. "Ama mlikuja kunichunguza tu?"

Nilikuwa namtazama mwenzangu. Chupa ya unga ilikuwa imelala kwake. Nikajiambia, huyu ameubadilisha. Ule mzuri ameuficha aandike makala peke yake.

Baadaye fundi wa maabara aliniambia mwenzangu alikuwa akiuliza kama matokeo yangu ni ya kweli. Nikamfuata mezani kwake.

"Kama unanishuku, niambie mimi."

"Ulipima ukiwa peke yako," akasema bila kuinua macho. "Mimi sikuona."

Tukakubaliana kupika upya, pamoja. Alipomimina, nilisimama begani kwake. Nilipokoroga, alivuta kiti karibu. Tukapima sote wawili, na unga ukanasa. Safari ya Witeithie tuliiweka chupa kati ya viti vya gari, kila mmoja akiiona.

Moto ulianza kwa nguvu, wa buluu safi. Kisha ukafifia tukiutazama. Safari hii hapakuwa na wa kulaumiwa.

Nilipochomoa mpira wa gesi, maji yalinidondokea mkononi. Gesi ya maabarani tuliitoa kwenye mtungi, kavu kabisa. Hii ya kinyesi ilikuja na mvuke, na maji yalikuwa yakiwahi vile vitundu kabla ya hewa ya ukaa. Maabarani, mashine ya eksirei ilituonyesha zaidi: fremu zenyewe zilikuwa zimeanza kubomoka.

Tulirudi na unga mpya, na neli nyingine ya kukausha gesi kwanza. Moto ukashika, ukabaki hivyo mpaka chai ikachemka.

"Sasa huu ni moto," mama akasema. Halafu akaisogeza sufuria kando. "Na huo unga hauingii kwa chakula?"

Mwenzangu alimweleza taratibu kwamba hauingii. Aliponigeukia nimuunge mkono, nilichelewa kidogo kuitikia, kama ninayemshuku bado, naye akaona.

Makala tuliandika pamoja. Siku hizi yuko maabara nyingine. Tukikutana Ruiru tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto, na hakuna anayemuuliza mwenzake anapika nini.