Likizo Ndani ya Tenga

Neno likizo lililetwa nyumbani kwetu Naipingo na baba. Siku hizo alifanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, Nachingwea, na msimamizi wake alimsimulia kwamba huko kwao Ulaya watu huchukua watoto na wake zao wakapanda milimani kupumzika tu. Bibi, mama yake mama, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Kupanda mlima bila kutafuta kuni wala dawa? Shibe mwanamalevya."

Lakini nilipomwambia kwamba baba anautaka mlima wa upande wa Ruangwa, kicheko kikamkauka. Juu ya mlima ule ndiko alikozaliwa, na dada yake mkubwa aliishi huko bado, naye hakuwa akiona tena. Hawakuwa wamekutana tangu mama yangu akiwa mtoto. Jioni ile ile bibi alianza kufua kanga zake.

Nasema nilimwambia mimi, kwa sababu baba asingeweza. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Hiyo ndiyo heshima. Baba alipooa alihamia kwa kina mama, wakaishi ua mmoja miaka yote hiyo, na kila alipotaka kupita nyuma ya nyumba alikohoa kwanza ili bibi ajifunike. Mjumbe wao nilikuwa mimi, na kazi hiyo niliipenda kuliko kuchota maji.

Tuliondoka baada ya kuvuna ufuta. Baba alitangulia na tenga mgongoni, ndani mna kuku na unga. Mama alifuata, mdogo wangu mgongoni na mzigo kichwani. Bibi alikuwa nyuma kabisa, ananitania njia nzima: "Mke mwenzangu, tembea, mume wetu atatukimbia." Mume mwenyewe alikuwa mdogo wangu, kule mgongoni kwa mama.

Tulipoanza mwinuko, goti la bibi likagoma. Alijaribu kwa fimbo, akajaribu kwa kushika bega langu, mwishowe akakaa juu ya jiwe.

"Nendeni ninyi. Mwambieni dada yangu nilifika hapa." Akalia bila kujificha, nami nikalia naye.

Baba alisimama mbali akiangalia miti. Nilimkasirikia, niliona kama heshima yao ni upuuzi mtupu. Kisha akashusha tenga, akatoa kuku na unga, akaniita.

"Mwambie bibi yako aketi humu, atazame tulikotoka. Mimi nitatazama tunakokwenda."

Bibi alifikiri kidogo. "Mwambie nimekubali. Ila asinitikise kama mihogo."

Basi wakapanda hivyo, mgongo kwa mgongo, bibi amejitanda kanga, miguu yake inaning'inia nje ya tenga. Mimi nilitembea pembeni na kuku wangu, nikipokea na kupeleka.

"Mwambie baba yako apumzike."

"Baba, bibi anasema upumzike."

"Mwambie bibi yako sijachoka."

Vichwa vyao viliachana kwa kiganja tu. Mama alicheka hata ikambidi atue mzigo.

Karibu na kilele baba aliteleza, akaanguka kwa magoti, lakini tenga halikugusa chini.

"Umeumia, mwanangu?" bibi akasema, kwa sauti kubwa, yeye mwenyewe.

"Hapana, mama."

Kisha bibi akakohoa, akaniambia nimwambie baba yangu njia iko kulia, na safari ikaendelea.

Dada yake alimpapasa uso kwa mikono miwili, akauliza nani kampandisha mzee huyu. Bibi alikuwa analia na kucheka pamoja. Wakakaa chini wakishikana mikono, wakazungumza Kimwera cha haraka nisichoweza kukifuata.

Usiku wakachinja kuku. Firigisi kwetu huenda kwa mwenye nyumba. Bibi aliiopoa chunguni mwenyewe, akaiweka juu ya ugali, akanikabidhi sahani. "Mpelekee mwanangu."

Sikuuliza ni nani. Baba alikuwa nje, ameipa nyumba mgongo kama inavyotakiwa. Aliila taratibu, akafuta mikono. Siku zote akinituma alisema "bibi yako." Safari hii alisema, "Mwambie mama nimeshiba."

Nikaenda moja kwa moja kwa bibi.