Mama Spana: Afungua nati zilizogoma, aitwa mwizi

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Spana amepiga goti kwenye lami, sikio karibu na gurudumu, anagonga nati kwa nyundo ndogo. Ko, ko, ko. Anasikiliza. Anagonga tena.

"Hii haina kutu," anasema bila kumtazama mtu. "Hii imekazwa na mtu mwenye haraka zake."

Gari ni la rangi ya fedha, limeegeshwa ndani ya ua wa majengo ya ghorofa, na tairi la mbele kushoto limelala kabisa. Nati nne za kawaida zimeshalegezwa. Ya tano ni nati ya kufuli, ile inayowekwa ili magurudumu yasiibwe, na haifunguki ila kwa ufunguo wake maalumu. Ufunguo wenyewe umevunjika meno. Mwenye gari amesimama nyuma ya fundi, mikono mfukoni, akitazama saa kila baada ya dakika moja.

Mwenye gari huyo ni katibu wa kamati ya wakazi wa majengo haya. Wiki tatu zilizopita, ndiye aliyemwita Mama Spana mwizi mbele ya watu.

Ukisikia ilivyokuwa, utakasirika hata kama hujawahi kumiliki baiskeli.

Mama Spana ana miaka hamsini na miwili. Kumi na miwili kati ya hiyo ameikalia kona iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la majengo hayo. Ana jeki mbili, pampu, beseni la maji la kutafutia pancha na sanduku la chuma. Pancha ndizo zilizosomesha watoto wake watatu. Lakini sifa zake zimevuka mitaa kwa sababu ya nati za kufuli zilizogoma. Kwa wiki nzuri hufungua nne au tano, na kila soketi anayoitumia, kile kikombe cha chuma cha kushikia nati, huchakaa baada ya nati sita au saba, akanunua nyingine.

Wateja wengi humfikia wakiwa wameshakatishwa tamaa na gereji kubwa. Mtajie gereji hizo, uone anavyowaka.

"Wao ndio wanaoharibu!" anasema. "Wanachukua mashine ya upepo, wanakaza nati ya kufuli kama wanajenga daraja. Meno ya ufunguo yakivunjika, wanaurudisha kwenye buti kimyakimya. Mteja anakuja kujua siku amepata pancha, watoto wanalia kiti cha nyuma. Akirudi kuuliza, anaambiwa kaharibu mwenyewe. Hawana haya hata chembe!"

Sasa rudi kwenye zile wiki tatu. Asubuhi moja, gari la mkazi mmoja lilikutwa uani limekalishwa juu ya matofali, magurudumu yote manne hayapo. Wakazi wakakusanyika. Katibu hakuchunguza, hakuuliza, hakungoja mtu yeyote amalize kusema.

"Pale nje kuna mtu anayefungua nati hizi bila ufunguo," alisema. "Mnatafuta nini tena?"

Walinzi wakavuka barabara, wakabeba sanduku la Mama Spana mbele ya wateja wake. Lilikaa kwao siku tisa, na siku tisa hizo hakufungua hata nati moja. Hakuna gurudumu lililopatikana. Sanduku lilirudishwa likiwa na upungufu wa spana moja, na hakuna aliyemwambia pole.

"Nati moja naigonga kwa nyundo nusu saa, mtaa mzima unasikia," anasema. "Magurudumu manne yana nati nne za kufuli. Piga hesabu. Mwizi gani huyo anayepiga ngoma saa mbili nzima chini ya madirisha ya watu?"

Kana kwamba hayo hayakutosha, kamati ikaandaa barua ya kutaka aondolewe kwenye kona ile. Ina sahihi thelathini na moja. Ya kwanza juu kabisa ni ya Katibu. Ijumaa hii barua hiyo inasikilizwa katika ofisi ya mji, na Mama Spana ameitwa kwenda kujitetea. Ikipita, kona hana.

Basi leo asubuhi nani akavuka barabara? Katibu, ameshika ufunguo uliovunjika.

"Mama Spana, nina shida."

"Shida gani, Katibu?"

"Nati imegoma. Mke wangu anaruhusiwa hospitali saa nne, ana mshono mbichi. Siwezi kumpakia kwenye pikipiki."

"Maskini. Anaendeleaje?"

"Ana nafuu. Twende basi."

"Kadi ya gari."

"Unasemaje?"

"Kadi ya gari na kitambulisho chako. Sifungui mpaka nivione."

"Jamani, Mama! Ina maana mimi hunijui?"

"Nakujua sana, Katibu. Kadi."

Muuza magazeti wa jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Katibu alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne na kurudi akihema, kadi mkononi. Mama Spana akaisoma mstari kwa mstari, akalinganisha namba na kibao cha gari, kisha akafungua daftari. Katibu akaandika jina lake, namba ya gari na tarehe, akatia sahihi.

Hakuwa akimkomoa. Kila mteja hupitia hayo, hata padri, hata polisi. Mwaka wake wa pili pale kona, kijana mmoja nadhifu alimletea gari akisema ni lake. Akamfungulia nati zote. Jioni akaja mwenye gari halisi: kijana alikuwa dereva wake, na rimu zilikwisha kuuzwa.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Nilimwamini kwa sababu ya shati lake. Siku ile ile nikanunua daftari, na sijawahi kumfungulia mtu bila kuandika."

Sasa amezungusha kipande cha mpira kwenye tundu la rimu isikwaruzike. Amechagua soketi iliyo ndogo kidogo kuliko nati, anaigongomea kwa nyundo kubwa mpaka inauma chuma. Anachomeka mpini mrefu. Cha ajabu, kwanza anausukuma upande wa kukaza, kidogo tu.

"Unaikaza tena?" Katibu anapaza sauti.

"Naiamsha. Tulia."

Kisha anageuza upande wa kufungulia, anauegemea mpini kwa uzito wake wote. Nati inatoa mlio mkali, inakubali. Dakika thelathini na tano. Anaitoa, anaiweka kwenye kiganja cha Katibu. Pembeni imechubuka, na meno ya ufunguo yamebaki humo ndani.

"Tairi ulibadilishia wapi?"

"Gereji kubwa ya kule mjini. Mwezi uliopita."

"Wapelekee hii. Waambie nimewasalimia."

Anafunga tairi la akiba, anaweka nati ya kawaida na kukaza zote kwa mkono. Katibu analipa, anasema asante fundi, anaingia garini. Alipoulizwa kama bado anasimamia ile barua, alijibu, "Hilo ni suala la kamati," akapandisha kioo. Suala la kamati! Sahihi yake iko juu kabisa.

Mama Spana anabeba sanduku lake, anapita getini mbele ya mmoja wa walinzi wale wale waliolichukua, anarudi kwenye kona. Anaketi na kufunua daftari. Ni la tatu sasa, na kwa jumla yana mistari mia sita na kumi na moja. Wa mwisho wino wake haujakauka vizuri.

Ijumaa atayabeba yote matatu. Anataka kibali cha kudumu, paa la bati na kibao chenye jina lake. Kuombwa radhi hadai; anasema amesamehe mapema.

"Nitayaweka mezani pamoja na barua yao," anasema, kidole juu ya sahihi ya Katibu daftarini. "Nitamwuliza mbele ya wote: siku mkeo alipokungoja na mshono wake, ulivuka barabara kumfuata mwizi? Anijibu hilo tu. Akishajibu, nirudi hapa nikafanye kazi."