Upinde wa Meno Niliopeleka Ukweni

Ting! Kabla mtu yeyote hajaona chochote, sauti hiyo ilisikika kutoka ndani ya kinywa changu, nyembamba na safi kama kengele ya baiskeli iliyoguswa kwa ukucha, na wazee wanne waliokuwa wameketi mbele yangu wakainua vichwa kutafuta ilikotoka. Naona haya kuisimulia hata leo, lakini kwa kuwa rafiki yangu Otieno anaieneza Kisumu nzima (na huyo huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki), afadhali muisikie kwangu mimi mwenye kinywa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Kibuye. Siku moja daktari wa meno aliniambia nipitishe uzi kati ya meno kila baada ya chakula, halafu niutupe. Niutupe! Mimi, niliyelelewa na mama aliyefua hata kamba za magunia! Nikatazama wenzangu wakichokoa meno kwa njiti za kiberiti na kuzitema sakafuni, nikaamua kwamba ulimwengu umenisubiri vya kutosha.

Nikaunda upinde wa meno. Wa kwanza ulikuwa wa kijiti cha mpera, ukavunjika. Wa pili wa waya wa mwavuli, ukalegea kama mtu anayeomba radhi. Wa tatu niliukunja kwa spoki ya baiskeli, umbo la manati, na kati ya mikono yake miwili nikakaza uzi wa nailoni, vipande ambavyo watengenezaji wa nyavu walivitupa ufuoni. Uzi wa akiba niliuzungusha kwenye mpini. Ukichakaa unavuta kidogo tu, na chombo chenyewe unakichemsha na kukitumia mpaka uzeeni. Jamani, kilikuwa kizuri! Jioni, mwanga wa ziwa ulipoingia mlangoni, kiling'aa mkononi mwangu na mimi nikakitazama vile vijana wenye akili wanavyotazama wasichana. Kilikuwa na kasoro moja ndogo: spoki haisahau kwamba ilizaliwa imenyooka.

Basi. Akinyi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekubali kuolewa nami, na lililobaki ni baba yake kusema ndiyo. Tukaenda kwao Katito, mimi na Otieno aliyekuwa mshenga wangu. Akinyi alinionya mapema, "Kula kidogo, ongea kidogo, na mama yangu usimtazame." Hilo la mwisho hata mtoto wa kwetu analijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kuonana wakitafuna. Mama akabaki jikoni, sisi tukala samaki na kuku pamoja na wazee, mambo yakanyooka kama reli.

Kisha kijinyama cha kuku kikanasa kwenye jino langu la nyuma. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikaona milango ya mbinguni imefunguka, nikatia mkono mfukoni, nikautoa upinde.

"Wazee wangu," nikaanza (sauti yangu ilikuwa nzito, ya waziri), "meno ya kuangalia sana ni yale ya mbele, ya chini."

Baba Akinyi akatabasamu taratibu, wenzake nao wakatabasamu, wakanionyesha mapengo yao. Wote wanne walikuwa wameng'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, kama ilivyokuwa desturi, na mimi, mtoto wa mila hiyohiyo, nilikuwa nimesahau kabisa.

"Endelea, kijana," akasema Baba Akinyi. "Hayo ya chini tuyaoshe vipi?"

"Labda aturudishie kwanza!" mzee mwingine akadakia, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Otieno akanikanyaga mguu. "Omera, ndugu yangu, funga mdomo," akanong'ona. Nami, kwa kutii, nikaufungua wote, nikaingiza upinde hadi kwenye jino la nyuma ili kazi ijisemee yenyewe, uzi ukanasa, nikavuta, ukakataa, nikavuta kwa nguvu ya fundi, na hapo ndipo ting! Uzi ulikatika, mikono ya spoki ikafyatuka, mmoja ukajikita juu na mwingine chini, kinywa changu kikabaki wazi kama pango, nikapiga yowe lililosikika, nadhani, mpaka njia panda ya Kendu Bay.

Jikoni mama alisikia yowe, akadhani mgeni amekwamwa na mwiba wa samaki. Na dawa ya mwiba, kila mtu wa ziwani anaijua: donge la ugali, limezwe bila kutafunwa.

"Yawa, mtoto wa watu anakufa!" akalia, akaingia mbio na donge kubwa kama ngumi. Hakuuliza. Akanikamata kichwa, akanitazama mpaka kooni, akanishindilia ugali kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkwe! Wazee wakaficha nyuso. Akinyi, aliyekuwa amefika mlangoni, akajifunika leso kichwa kizima.

Otieno akaichomoa spoki kwa vidole, pamoja na ugali wote. Baba Akinyi akaiokota, akaigeuza mara mbili.

"Sisi tuling'olewa sita kwa chuma," akasema, "na hakuna aliyelia. Huyu anasafisha moja."

Ndiyo yake ilibaki tumboni mwake, nasi tukarudi Kisumu. Njiani niliapa kwamba maisha yangu yote sitavumbua kitu tena hata nikilipwa, na kwamba ukweni mdomo ni wa kulia chakula tu, tena kidogo.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo Akinyi alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Kaloleni. Nikajua ndiyo ya baba yake imefika. Nikampa kiti, hakuketi.

"Baba amenituma," akasema akitazama ukuta. "Anataka ule upinde. Meno ya juu bado anayo, na nyama inamsumbua."

Nikamtolea mpya, wenye spoki niliyoilainisha kwa moto. (Ndiyo, nilikuwa nimeapa.) Akautia kwenye mkoba wake.

"Na mimi je?" nikauliza. "Amesema nini juu yangu?"

Akafikiri kwa haki kabisa, kama mwalimu anayetafuta alama ya kumpa mtoto mzito.

"Wewe hakukutaja," akasema, akatoka, na mlango akaufunga taratibu nyuma yake.